Jiwe la Mama Ennie

Nchelenge, 9 Juni 1974

Yaya Nkulu,

Kaa chini kwanza, kaka yangu, kabla hujaendelea. Barua hii imeandikwa na kijana ambaye mamba wa Mweru wakimuona anaoga wanatoka majini, wanamungojea kando mpaka amalize. Juzi nilipiga chafya hapa Nchelenge. Ku Kilwa, ng'ambo yote ile ya ziwa, wakafunga madirisha. Habari za wasichana wa Kashikishi siandiki, maana karatasi hii ni nyembamba, itaungua.

Tangu uondoke nimekuwa mutu mukubwa. Nikipita sokoni wanasema, "Tazameni, huyo njo aliyemuonyesha poeti wa Zaire ziwa letu." Nawasahihisha palepale. Nawaambia miezi mitatu yote uliyokaa hapa, mashairi niliyatoa mimi, wewe ulishika kalamu tu. Usikasirike. Nani alikupeleka Mununga ukaandika juu ya mitumbwi? Nani alikutafsiria Kibemba cha wazee kule Mwansabombwe, na bila mimi ungerudi na picha ya ngoma peke yake? Ni huyuhuyu waliyemufukuza Grade Six kwa kumusahihisha ticha. Na mpaka leo nasema ticha alikosea.

Mama Ennie anakusalimu. Chumba chako amekifagia, hajakiingiza mutu. Anasema hajawahi kuona mwanaume aliyesoma vile anakula ugali kidogo vile. Bandari yake (naiita bandari, wewe unajua ni kamuchanga kadogo mbele ya nyumba) imejaa kama kawaida. Wakongomani wote wa biashara wanatua hapo: Brigitte na makelele yake, Dominique na chupa yake, na wengine. Yeye anawapikia, anawakaushia samaki wao, makobo, juu ya moshi, na hiyo njo maisha yake yote, hana shamba wala bwana. Mimi ananiuliza kwa nini nakula kama wapiga kasia watatu na kasia sishiki. "Mama mukubwa," namujibu, "na akili inakula."

Bon. Lile shairi la jiwe letu umelimaliza? Andika kwamba aliyekusimulia ni mimi. Herufi kubwa.

Mwaka,
Mufalme wa Ufuko Wote, Mwalimu wa Washairi


Lubumbashi, 30 Juni 1974

Mudogo wangu Mwaka,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Colette, muke wangu, akacheka mpaka chai ikamutoka puani. Anauliza kama hao mamba wanakupigia saluti pia.

Kwanza, kwenye bahasha andika Nkulu peke yake. Usiandike tena Sébastien. Siku hizi majina ya ubatizo hayatakiwi huku, na mutu wa posta aliniangalia kana kwamba nimeiba ng'ombe.

Pili, jiwe limekwisha. Unajua nilivyoona haya siku zile za mwisho. Ofisi iliyonituma ilitaka mashairi ya mahali penu, nami nilikuwa nimeandika juu ya soko, mabwawa, ngoma, hata choo cha boma. Lakini mahali nilipokula na kulala, kwa Mama Ennie, sikuwa na mustari mumoja. Mpaka asubuhi ile ya kuondoka, uliponionyesha jiwe jeusi linalosimama majini mbele ya nyumba ukanisimulia habari za Chabu. Musichana anayekaa juu yake, asiyeonekana, anayengoja mutumbwi kutoka ng'ambo yetu. Anayemuuliza kila anayetua, "Umeniletea changu?" Na aliyekuja mikono mitupu harudi salama. Mwili ulinisisimka, Mwaka. Sikuongeza kitu. Sikiliza:

Chabu umekaa, jiwe lako lina baridi,
kila kasia unaliuliza kabla halijatua:
"Umeniletea changu?" Na avunjaye ahadi,
ziwa litamudai njiani anaporejea.

Radio watalisoma Jumapili tarehe 14 Julai, baada ya misa. Mufungulie Mama Ennie asikie. Ni zawadi yangu kwa nyumba yake.

Wako,
Nkulu


Nchelenge, 22 Julai 1974

Yaya,

Umeniua! Tumekuwa watu wa radio!

Betri zetu zilikuwa zimekufa, nikazianika juu ya bati tangu Ijumaa mpaka zikapata roho. Uwanja ulijaa. Brigitte alikaa juu ya gunia lake la chumvi, Dominique akalala chini, watoto juu ya paa. Muzungu wa mission peke yake hakualikwa. Ulipofika kwenye "jiwe lako lina baridi" watu wote wakageuza shingo kuangalia jiwe, na mimi nikasimama karibu nalo, mikono kiunoni, kama mwenye nalo.

Brigitte akaniita. "We mutoto! Chabu gani? Miaka yote mi natua hapa, sijasikia."

"Husikii kwa sababu unapiga makelele," nikamuambia. "Yeye anauliza polepole."

"Na hajaniuliza!"

"Wewe unaletaka chumvi. Anaogopa utamukaanga."

Walicheka, Yaya! Ila Brigitte mwenyewe alicheka kidogo, alafu akaanza kuhesabu kamba za mutumbwi wake. Mama Ennie alikuwa penye moto na mwiko mukononi. Shairi lilipokwisha aliingia ndani. Moshi, alisema.

Sasa kuna kichekesho. Dominique kabla ya kutua Alhamisi alitupa pakiti ya sukari majini. Nzima! Makobo wetu watakuwa watamu mpaka Krismasi. Na wengine wawili walipita wakaenda kutua ku boma. Watarudi. Ugali wa Mama Ennie una sumaku.

Mwaka,
Sauti ya Mweru


Lubumbashi, 18 Agosti 1974

Mudogo wangu,

Brigitte amefika huku na samaki wake na amenitafuta mpaka nyumbani. Hakutaka kukaa. Alisimama mulangoni akaniambia, "Mushairi, ulifanya nini na ile port yetu?"

Amenieleza kwamba mutumbwi wa Dominique ulipinduka akirudi Kilwa. Asante Mungu wote waliogelea, lakini mali yote imezama. Na kwamba sasa Kilwa nzima inasema ni Chabu. Kwamba sukari haikuwa kile chake. Kwamba hakuna anayejua chake ni nini. Hata Brigitte anatua ku boma. "Mi siogopi," ameniambia, "lakini wapiga kasia wangu banaogopa, na mi siwezi kupiga kasia na hii mwili."

Kwa hiyo Mama Ennie amebaki na nani? Anamukaushia nani samaki? Mwaka, niambie ukweli kama unavyomuambia kaka yako. Je, uliponisimulia, ulinipa kusikia tu? Je, ni neno lisilotoka nje ya ufuko, nami nikalipeleka kwenye radio kama tangazo la sabuni? Mwanamuke yule alinipa chumba miezi mitatu na hakuniuliza hata baba yangu ni nani. Nami nimemufungia mulango wake kwa mistari minne.

Nijibu haraka. Silali vizuri.

Nkulu


Nchelenge, 8 Septemba 1974

Yaya Nkulu,

Dominique alipakia sementi mpaka mutumbwi ukabaki vidole viwili juu ya maji, alafu akaimba amesimama. Hata kasisi angezama. Hiyo usiisumbukie.

Lakini yale mengine, nitasema nini? Mambo ya maji ni mambo ya maji. Sisi wa hapa tunayasema polepole, mutu kwa mutu. Wewe uliyaita kwa radio. Sikulaumu, wewe mugeni. Ungeuliza kwanza tu, basi.

Kapembwa, kaka yake Mama Ennie, alikuja kutoka Mununga na baiskeli. Alisimama uwanjani akaangalia yale majukwaa ya kukaushia samaki, matupu, kuku wamelala juu yake. Akamuambia dada yake afunge vitu waende. "Hapa nani atakulisha? Jiwe?" Mama aliendelea kuchambua karanga. Kapembwa akanigeukia mimi: "Na wewe mwenye kinywa, huna la kusema leo?" Nilikuwa na la kusema, lakini kulikuwa na upepo.

Tunakula vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mwaka


Lubumbashi, 6 Oktoba 1974

Mudogo wangu Mwaka,

Maneno yako, "ungeuliza kwanza," yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni kweli. Sikuuliza. Tunafika mahali pa watu na daftari, watu wanatufungulia, nasi tunaondoka na kile kilichokuwa kimefungwa ndani kabisa, alafu tunaita kazi.

Nimezungumza na muzee mumoja anayetoka Pweto, anayejua desturi za ziwa. Ameniambia mutu aliyekosea mahali pa namna hiyo anatuma kitambaa cheupe na unga mweupe, viwekwe palepale, aombewe. Nimempa Brigitte vyote viwili. Kitambaa ni kizuri, Colette alikichagua. Tafadhali kipokee, ukiweke kwa heshima, uniombee.

Na jambo lingine. Brigitte ananiambia sasa watu wa Nchelenge wanamuita Mama Ennie "Mama ya Chabu". Kumbe! Yeye njo mulinzi wa jiwe, na hakuniambia neno. Miezi mitatu nilikula mezani kwa mulinzi nikamulalamikia chumvi. Nieleze, cheo hicho kinarithiwa? Alipewa na nani? Sitaki kuandika, usiogope. Nataka kujua nimuombeje msamaha bila kukosea tena.

Nkulu


Nchelenge, 3 Novemba 1974

Yaya,

Usitume kitu kingine. Nakuomba.

Mupango wangu ulikuwa mwepesi: nipokee kitambaa pembeni, unga tuule, kitambaa nishone shati, nikuandikie kwamba maji yamekubali. Shati lingenipendeza. Lakini Brigitte si mutu wa pembeni. Alitoka boma kwa miguu, kitambaa kichwani, unga mukononi, soko lote nyuma yake. Nilikimbia mbele nikamuambia, "Mama Brigitte, nipe mimi, ni ya kwangu, bahasha inasema Mwaka."

"Toka, weye. Hii ni ya mwenye maji. Mutu wa diplome ametuma."

Akaingia majini na nguo zake zote, akalifunga lile jiwe kitambaa kama mutu anamufunga mutoto kiuno, akamwaga unga, akapiga makofi, akarudi nyuma bila kugeuka. Hakuna aliyecheka. Wale wazee wetu ambao tangu Julai walisema ni uongo wa Wakongomani, nikawaona wanavua kofia. Maana mutu wa Lubumbashi, aliyesoma, hawezi kutupa kitambaa kizuri vile bure. Basi ni kweli.

Zamani wanawake wa hapa walifulia juu ya jiwe hilo. Sasa hata mutumbwi wa hapahapa Nchelenge hautui. Bandari imekufa, Yaya. Mama anapeleka mihogo sokoni kichwani, ile ya kununua kwa watu, anauza vipande.

Kuhusu "Mama ya Chabu", ni namna ya kusema tu. Usiichimbe.

Kila asubuhi anakwenda kwenye jiwe. Mvua imeanza na bado anakwenda.

Mwaka


Lubumbashi, 15 Desemba 1974

Mwaka,

Nimekwenda kwa mupiga chapa nikamuambia aliondoe shairi la jiwe kwenye kitabu. Amekasirika, amelitoa. Pale patakuwa na ukurasa mweupe, na nimekataa ajaze kingine. Ofisi wanataka nianze kazi juu ya mahali pengine, nimewaambia sina kalamu. Si maringo. Nikikaa kuandika jina la mahali popote, namuona Mama Ennie na sahani ya mihogo kichwani.

Nimeamua. Kitambaa kilikuwa njia ya mutu muoga, kumutuma mwingine aingie majini. Nakuja mwenyewe. Jumapili ya kwanza ya Februari nitavuka na Brigitte, tutatua hapohapo kwa Mama Ennie, mbele ya watu wote. Nitapiga magoti mbele ya jiwe, alafu mbele yake, nitamuomba Chabu awaachie watu njia. Wakiniona nimetua na nimerudi salama, labda wataanza kutua tena.

Nisaidie kitu kimoja tu. Niandikie maneno. Chabu anaambiwaje? Sitaki kuyatunga.

Kaka yako,
Nkulu


Nchelenge, 12 Januari 1975

Yaya Nkulu,

Usije na magoti yako.

Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichoma, zilikuwa na utani mwanzoni, na kila nikifika mwisho wa utani nakuta sina pa kwenda. Nitasema tu.

Hakuna Chabu wa jiwe. Hakuna mulinzi, hakuna siri ya ufuko. Niliitunga habari ile pale pale, mswaki mudomoni, wewe ukiwa unafunga sanduku. Ulisema kila mahali pana shairi isipokuwa kwetu, nami nikaona haya kwa ajili ya nyumba yetu, kama mutu aliyetembelewa na hana kiti cha kumupa mugeni. Lile jiwe ni la kufulia. Uliposema mwili ulikusisimka, nilijisikia mutu kuliko siku yoyote. Na ulipouliza kama umetoa nje kisichosemwa, nikaona mugongo wako uko mbali, Lubumbashi, na ni mupana. Nikakupa uubebe. Wewe hukukosa kitu. Ukurasa wako ujaze.

Kama ni hayo tu, ningekwisha kuyasema. Mama angenichapa na mwiko, Brigitte angenitukana mpaka Kilwa wakasikia, watu wangecheka, mitumbwi ingerudi. Nilikwisha kujifunga nguo mara mbili niende sokoni kusema.

Tatizo ni kwamba uliniuliza, "Anaitwa nani?" Kalamu tayari iko juu ya karatasi. Na mimi, mwenye maneno yote, nilikuwa na jina moja tu karibu.

Chabu ni mutoto wa Mama Ennie. Kwangu ni dada, maana mama mukubwa alitulea pamoja. Surua ilimuua alipokuwa na miaka saba na mimi tisa. Hakufa majini. Amezikwa nyuma ya kanisa, najua ni wapi. Lile jiwe tulikuwa tunaruka kutoka juu yake, sisi wawili, yeye kwa kichwa, mimi kwa miguu kwa sababu niliogopa. Kabla ya hapo mama aliitwa Mama ya Chabu kama mama yeyote anavyoitwa kwa mutoto wake wa kwanza. Siku ya maziko watu wakaacha, wakarudia jina lake mwenyewe, Ennie, ili wasimuchome. Kwetu jina la mutoto aliyekufa halitajwi mbele ya mama yake. Siyo cheo, Yaya. Ni mama yake tu. Lile jina nilikaa nalo mudomoni miaka yote bila ruhusa ya kulitoa, wewe ukaliuliza na likatoka, na nakuambia kweli, lilipotoka nilifurahi.

Mama hajui Kiswahili zaidi ya kuhesabu samaki. Lakini jina alilisikia. Jioni ile ya radio aliniita ndani, akafunga mulango, akasema nimutafsirie. Ningeweza kusema ni Chabu mwingine. Nilimutafsiria yote. Nilitafsiri vizuri kuliko ulivyoandika. Akauliza, "Ni kitu gani anaulizia, hicho chake?" Nikasema sijui. Yeye akasema, "Karanga. Alipenda karanga za kuchemsha." Asubuhi akazichemsha, akazipeleka. Tangu hapo kila siku. Njo maana anauza mihogo: anatafuta za kununua karanga.

Mitumbwi haimuumizi, Yaya. Hata haiangalii. Kapembwa amekuja mara ya tatu kumuchukua, ana nyumba ya mabati kule Mununga, ana chakula. Anamujibu neno moja: "Nimuache mutoto kwenye baridi?" Baridi hiyo ni ya kwako, ya mustari wa kwanza, lakini musichana nilimukalisha mimi.

Ukija ukapiga magoti pale na ukaomba, atakuwa na shahidi wa pili. Wa kwanza ni mimi.

Maana aliniuliza. Ilikuwa baada ya kitambaa cha Brigitte, tumekaa penye moto. Hakuniangalia. Akasema, "Wewe njo ulimuambia yule mugeni. Kwa hiyo ulimuona." Mulango ulikuwa wazi kabisa, ningetoka. Nikasema ndiyo, mama, nilimuona. Akasogeza kuni. Alafu akaniuliza kama bado ni kadogo vilevile au amekua.

Nikamuambia amekua.

Mwaka